Siku Niliyokalia Kiti cha Jumbe

Mto wetu hauna adabu. Ukipenda unapita hapa, ukichoka unahamia kule, na pale ulipotoka unaacha tope jeusi, laini, linalonuka samaki. Sisi watu wa huku delta tope hilo ndiyo mali. Mpunga ukiota pale hauhitaji mbolea wala maneno mengi. Basi miaka michache iliyopita mto ulijivuta, ukatuachia kipande kipana ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo mimi nikiwa msichana nilikuwa nikitanda uduvi kwa kanga na wenzangu, maji kifuani. Nasema hivi mapema ili mnielewe: ardhi ile haikuwepo. Palikuwa maji. Hakuna babu wa mtu aliyewahi kusimama pale akalima, labda awe alikuwa kambale.

Walioingia kwanza walikuwa wanawake, na mkwe wangu alikuwa mbele. Huyu ni mke wa marehemu mwanangu. Alipomaliza eda ndugu zake walikuja kutoka Mtunda kumchukua, akawapikia, akawasindikiza, akarudi kukaa na mimi na wajukuu zangu. Mwanamke yule ana mgongo. Alikata matete, akang'oa visiki vya mikoko na ruba wamemganda mapajani, akapanda, na katikati ya mpunga akajijengea dungu, ile nyumba ya juu ya miti ambayo usiku unalala kuwasikilizia nguruwe na viboko, na mchana unakaa kuamia ndege. Anayekula wali wa dukani hajui kuamia ni nini. Ni kupiga kelele na kurusha udongo kwa teo tangu jua halijatoka mpaka limezama, maana kwelea-kwelea wakitua mara moja tu unavuna majani. Mjukuu wangu mkubwa anasoma sekondari Kibiti, na akija likizo hupanda dunguni akawatukana ndege kwa Kiingereza. Nao wanaondoka! Nawaambia majirani, oneni, hata ndege wanajua huyu kasoma.

Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la nne, nikamalizia kwa kisomo cha ngumbaru. Yatosha. Haya ninayaandika kwa mkono wangu.

Sasa habari ya jumbe. Majumbe wa zamani, wale watawala wa vijiji, nimewasikia kwa bibi yangu. Yeye alibeba mpunga wa jumbe kichwani na mtoto mgongoni, na akifika alipiga magoti kwanza ndipo anatuliwa mzigo. Wazungu walimtumia jumbe kuhesabu vibanda vya kulipiwa kodi, na jumbe alimtumia bibi yangu kubeba. Uhuru ulipokuja, mambo hayo yakafutwa. Sikumbuki mtu aliyelia.

Lakini siku hizi yamerudi, mnaona wenyewe. Kwenye redio na kwenye simu za watoto tunawaona machifu na ngozi zao na fimbo zao wamekaa mstari wa mbele. Wazee wa ukoo wa jumbe hapa kwetu nao wakaona wamechelewa. Wakamtafuta mjukuu wa jumbe wa mwisho, wakamkuta Dar es Salaam akiuza vipuri vya magari, ameshachoka na duka. Wakamleta kwa gari la Noah mpaka barabara ilipoishia, wakampandisha boti ya mashine, wakamfunga kilemba. Na mimi nilikuwepo. Sikatai: nilipiga vigelegele, na pilau lao lilikuwa na nyama.

Tena mtu mwenyewe si mbaya. Ana sauti ya taratibu, anasalimia mpaka watoto. Kulikuwa na ndugu wawili hapa hawasemeshani kwa ajili ya boti ya baba yao. Wenyeviti walishindwa, yeye akawaweka chini kwa kahawa na kashata, wakatoka wameshikana mikono. Watu wakampenda kwa hilo, na mimi nikampenda.

Ubaya uliingilia hapo hapo, kwenye mapenzi. Kwanza alikuwa anafungua mkutano wa kijiji kwa dua. Vizuri. Halafu akawa anaufunga kwa nasaha. Halafu mwenyekiti wa kijiji, tuliyemchagua wenyewe, akaanza kusema kila jambo likifika shingoni, "Tumsikilize Jumbe kwanza." Kilipokuja kisima cha pampu, tulikuwa tumeshakubaliana kichimbwe karibu na zahanati, wazazi wasihangaike. Jumbe akasema kwa upole kwamba maji mazuri yako upande wa kwao. Kikachimbwa upande wa kwao. Hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyetishwa, hakuna aliyekatazwa kusema. Ilikuwa adabu tu. Tulimwachia kisima kwa adabu, na mpaka leo mwanamke aliyejifungua zahanati anachotewa maji kutoka mbali.

Na mimi pia nilinyamaza siku ile. Nilijiambia, kisima ni kisima, maji ni maji.

Kisha jioni moja mkwe wangu aliingia uani na tope limemkauka miguuni, akaketi kizingitini bila kunawa. Si kawaida yake.

"Mama, nimeambiwa nikishavuna nitoke."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Mwenyekiti. Mwenyekiti kaambiwa na Jumbe."

"Na Jumbe kaambiwa na nani?"

"Ati bonde lote la ng'ambo lilikuwa la babu yake."

"Babu yake yuko wapi?"

"Mama, si alishakufa."

"Basi aje amwambie tena, na mimi nisikie."

Hakucheka. Akaniambia ukoo wa jumbe umeshapata mtu wa mjini wa kulima lile bonde kwa trekta, na wanawake watashukuriwa kwa kulisafisha. Hilo neno, kushukuriwa, ndilo lililonipandisha damu. Nikamwangalia jinsi alivyokaa, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Mpunga ule ndio chakula cha nyumba hii. Usipokuwepo, wajukuu zangu wanakula nini, na yule wa Kibiti anarudi nyumbani kufanya nini, kuamia ndege wa trekta la mtu?

Asubuhi nikamwendea mwenyekiti. Yule nimembeba mgongoni, mama yake alikuwa shoga yangu. Nilimkuta anakunywa chai.

"Mwanangu, sisi tulikunyooshea mikono wewe, hatukumnyooshea yeye. Mbona umempa kazi yako?"

"Bibi, hayo ni mambo ya mila. Siwezi kushindana na mila."

"Mila unaijua wewe, uliyekimbia jandoni ukaja kujificha uvunguni kwangu?"

"Bibi, jamani, mke wangu anasikia!"

"Asikie. Aliolewa na jasiri, ajue."

Akacheka, akanisogezea chapati. Akasema tu kuna mkutano Jumamosi, jambo litaletwa mbele ya wananchi, na Jumbe ataongoza mazungumzo. Nikamuuliza, kama mazungumzo anaongoza yeye, wewe utakuwa unafanya nini, unamshikia viatu? Chapati nilikula.

Njiani nikirudi niliwaza sana. Wapo wanaosema bora jumbe kuliko hawa wa kuchaguliwa. Wanasema mwenyekiti anakula, mtendaji anahamishwa, diwani tunamwona wakati wa kura tu, lakini jumbe ni wetu, hana pa kwenda. Siwabishii kuhusu hao wengine. Tumekuwa na mwenyekiti hapa aliyeuza boriti za mikoko za kijiji kule Nyamisati, akarudi na kitanda cha chuma. Lakini yule tulimtoa. Tulikaa uwanjani, tukanyoosha mikono, akaenda kulala kwenye kitanda chake akiwa mtu wa kawaida. Jumbe akikosea ninamtoa kwa mlango gani? Ningoje afe? Na akifa anakuja mwanawe, ambaye hata sijui anafananaje. Mtu nisiyeweza kumtoa sitaki anigawie ardhi hata kama ni malaika. Kilemba avae, ndoa asimamie, wagombanao awapatanishe, na sadaka nitampelekea. Tope aliache.

Jumamosi ilifika. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, chini ya turubai. Wanaume mikeka ya kulia, wanawake mikeka ya kushoto, na mbele meza ya mwenyekiti na mtendaji. Katikati ya meza na sisi paliwekwa kiti cha Jumbe. Kililetwa kwa pikipiki kutoka kwake, kimefungwa kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa mnadani: kiti cha mikono miwili chenye mto mwekundu. Jumbe alikuwa na mpambe, binamu yake mmoja mwenye koo pana, ndiye aliyekuwa akipiga kelele, "Wananchi, simameni, Jumbe anaingia!"

Watu wakasimama. Mimi nikasema magoti yananiuma. Magoti yangu yalikuwa mazima kabisa.

Wakaanza na zahanati, wakaenda kwenye mbuzi wanaokula bustani ya shule, na kila penye ubishi shingo zote ziligeukia kwenye mto mwekundu. Nilizihesabu kwa macho zile shingo zikigeuka, na ya mwenyekiti ilikuwa ya kwanza. Tulipokaribia habari ya bonde, ikaadhiniwa alasiri. Wanaume wakainuka kwenda msikitini, na Jumbe mbele yao. Wanawake tukasali darasani. Mimi nikawahi kutoka, na nje hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa peke yake uwanjani.

Hapo ndipo Jumbe alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekaa mjini mno. Ukoo wetu na ukoo wa jumbe ni watani tangu mababu. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaopika, tunaomsema marehemu ubahili wake mbele ya wanawe, na hakuna ruhusa ya kununa. Mtani akichukua kitu chako hujaibiwa, unakikomboa. Akikutukana hujatukanwa. Ukikasirika, wewe ndiye uliyevunja mila. Babu yake asingeinuka kwenye kiti bila kumwachia mtu, kwa sababu alijua watani wake wanamwangalia. Huyu akakiacha wazi mbele yangu, akaenda zake kusali.

Nikakaa. Mto ulikuwa laini, siwaongopei.

Mkwe wangu alipotoka darasani na kuniona, alishika kichwa. "Mama! Ondoka, utatuaibisha!"

"Nimechoka na mkeka."

"Mama, nakuomba. Watasema mimi ndiye niliyekutuma."

"Waambie nilikuzaa mimi, hukunizaa wewe."

"Hukunizaa, mama, mimi mkweo."

"Ndiyo maana huna heshima."

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akavua kanga yake akanipepea, mwingine akaniuliza mheshimiwa atakunywa soda gani. Lakini mkwe wangu alikuwa anatazama njia ya msikitini, na nilijua kwa nini. Kwake haikuwa mchezo. Akashika mkono wa kiti na kuukaza, kama anayetaka kunivuta, kisha akauacha, akaenda kukaa mstari wa mbele wa mikeka.

Wanaume wakarudi. Mpambe ndiye aliyeniona kwanza, koo likafunguka. "Nani huyo? Mwondoeni yule bibi! Mnaona dharau hii?"

Hakuna aliyesogea. Vijana walikuwa wanatazamana, lakini wazee walikuwa wameshaanza kutabasamu, maana wao wanajua. Mzee mmoja akamwambia mpambe, "Nyamaza we. Huyo mtani wake."

Jumbe akasimama mbele yangu. Alikuwa bado na maji ya udhu kwenye ndevu. Aliniangalia, nami nikamwangalia, na nikaona usoni mwake kwamba hakuwa amesahau yote ya nyumbani. Mdomo ulitaka kucheka, akaukataza.

"Mtani," akasema, "nimekosa nini?"

"Umekosa kiti."

Uwanja mzima ukalipuka. Akangoja wanyamaze.

"Haya. Nikikomboe kwa nini? Kilo za sukari? Doti ya kanga?"

"Kanga ninazo. Sukari daktari kanikataza."

"Kuku?"

"Kuku wako utaniambia alikuwa wa babu yako."

Wanawake wakapiga makofi. Yeye akainamisha kichwa, na safari hii alicheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole, ile iliyotunyang'anya kisima, "Mtani, sema basi unachotaka. Watu wana kazi."

Nikasimama ndani ya kiti, yaani nikainuka bila kukiachia, matako yakikigusa bado. Nikasema kwa nguvu wote wasikie: "Nataka ukakae pale kwenye mkeka wa wanaume, katikati, usikae pembeni. Jambo la bonde likisemwa, unyooshe kidole kama mwenzio, usubiri mwenyekiti akuite. Na kura ikipigwa unyooshe mkono mmoja, kama mimi. Ukifanya hivyo, kiti hiki nitakufutia vumbi mwenyewe nikupelekee mpaka kwako. Usipotaka, mimi nakaa hapa mpaka niwe maiti, na mjue mnaopaswa kunichimbia ni nyie."

"Hii siyo utani tena!" mpambe akapayuka. "Hii siasa!"

"Aliyeleta mila kwenye mkutano ni nani?" nikamjibu. "Mmetaka mila. Mila ndiyo hii, imekaa."

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Ningekuwa nimekosea kipimo, ningeharibu yote: angekasirika, ukoo wake ungesema tumewatukana, na mwenyekiti angeahirisha mkutano kwa sababu ya fujo ya bibi kizee. Halafu trekta lingekuja kimya kimya. Nilimwangalia mkwe wangu, alikuwa amefumba macho.

Jumbe alivua viatu. Akavipanga vizuri pembeni ya mkeka, akapita katikati ya wanaume, akakaa. Wale aliokaa nao walisogea kumpisha nafasi kubwa, wakashindwa, mkeka ulikuwa umejaa, basi akabanwa mabega kama kila mtu.

Mkitaka kujua kilichonishangaza, ni mwenyekiti. Alikaa kidogo akitafuta kwa macho mahali pa kugeuzia shingo. Kiti kilikuwa na mimi, na mimi nikamkazia jicho. Akakohoa, akasema, "Basi, ajenda ya bonde. Nani anaanza?" Na sauti ilikuwa ile tuliyoichagua.

Mkwe wangu ndiye aliyeanza. Mwanamke ambaye hata kwenye harusi haombi nafasi. Akasimama, akasema, "Mimi sijui habari za mababu. Pale nilikuta maji na matete. Nimezalisha mle mpunga, nimelala mle na viboko. Anayesema ni pake aniambie kisiki cha kwanza nilikikuta wapi." Akakaa. Jumbe akanyoosha kidole. Mwenyekiti akamwacha anyooshe kwanza, huku akimalizia kumsikiliza mama mwingine, ndipo akamwita. Jumbe akaeleza madai ya ukoo wake, kwa heshima, vizuri, na watu walimsikiliza. Wapo waliomuunga mkono, tena si wachache, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Tulibishana mpaka turubai likaanza kupigwa na upepo wa jioni.

Mikono ikanyooshwa. Waliolima wabaki na walipolima, na tope lililobaki ligawiwe kwa kamati itakayochaguliwa, kwa kila anayetaka kulima, wa ukoo wowote. Tulishinda. Jumbe alinyoosha mkono wake upande wa pili, mkono mmoja, nikauona, nikauheshimu kuliko nilivyowahi kukiheshimu kilemba chake. Kiti nilikifuta vumbi kwa upande wa kanga yangu, na mpambe akakifunga kwenye pikipiki bila kunisemesha.

Ningependa kuishia hapo, lakini yaliyofuata ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Tulipokwenda ng'ambo na kamati kupima tope lililobaki, wale wale wanawake walionipepea wakanizunguka. "Bibi, wewe gawa. Ukisema wewe, basi." Mmoja akanitandikia kanga nikae juu ya gogo, kamba ya kupimia wakaniwekea mapajani. Nilihisi utamu wake, msidhani sikuhisi. Ni utamu unaopanda mgongoni taratibu. Nikawarushia kamba yao.

"Nyie mna maradhi," nikawaambia. "Mmemtoa mmoja kwenye kiti, mnatafuta wa kumkalisha. Kamati mmeichagua ya nini?"

Basi kamati ikauliza tuanze kupima kutoka wapi. Mimi nikasema tuanzie mdomo wa mfereji, na nilikuwa na sababu zangu: mkwe wangu aliomba nyongeza, naye alikuwa wa kwanza kwenye orodha, basi kipande chake kingeangukia penye tope zuri. Wao wakataka kuanzia mwisho wa huku, kwenye njia ya viboko. Nikabisha, nikapayuka, nikawakumbusha nani alikalia kiti. Wakanyoosha mikono. Nikashindwa. Mkwe wangu mwenyewe alinyoosha nao, akaniangalia usoni huku mkono uko juu.

Nyongeza yetu ikaangukia pale pale wanapopita viboko. Nilinuna mpaka nyumbani na chakula nikakisusa kidogo. Asubuhi nikachukua panga, tukaenda kukata matete upande huo, na mkwe wangu, maji yakiwa kiunoni, akaniuliza kama bado nina hasira.

"Ninayo," nikamwambia. "Na kamati hiyo muda wake ukiisha, wataisikia kwenye kura."